Mji Mmoja, Vyungu Vitatu: Habari za Mshahara na Chakula Katika Nchi Yetu



Katika mkutano mkuu wa mwaka uliopita mweka hazina alisoma majina ya wanachama waliokuwa hawajalipa ada ya mazishi kwa miezi mitatu au zaidi. Alipokwisha kusoma, mzee mmoja alisimama akauliza: "Watu hawa wana kazi, na kila jioni moshi unatoka katika nyumba zao. Mbona senti za tumbo wanazo, na senti za chama hawana?" Baadhi ya watu walicheka, na wengine wakainamisha vichwa. Kanuni yetu inasema kwamba mwenye deni la miezi sita hufutwa katika daftari, na jamaa zake hawatapata msaada wa mazishi. Mkutano wa mwaka huu utaulizwa kama kanuni hiyo itumike kama ilivyo au ilegezwe. Kwa hiyo Halmashauri ilituagiza sisi tunaoshika daftari tuandike habari za jambo hili, ili wanachama wapate kulifikiri kabla ya kupiga kura.

Tulipoanza kazi hii tulidhani kwamba tutaandika ukurasa mmoja tu. Lakini tuliona kwamba swali la mzee wetu ni la zamani. Limeulizwa na Serikali, na wenye mashamba makubwa, na wasomi, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na historia ya nchi yetu inayo majibu yake.

Tumbo hulipwa kwanza

Mwaka wa 1857, katika ufalme wa Saksonia, ambao leo ni sehemu ya Ujerumani, alikuwako mtu aliyefanya kazi ya kukusanya hesabu za nchi, jina lake Ernst Engel. Alichukua hesabu za matumizi ya jamaa za wafanyakazi wa Ubelgiji, akazipanga kwa kufuata mapato yao. Akaona jambo hili: kadiri jamaa inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu ya mapato yake inayokwenda kwenye chakula inavyokuwa kubwa. Tangu siku hizo kanuni hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi, na imeonekana kuwa kweli.

Tuweke mfano wetu wenyewe ili jambo lifahamike. Nyumba moja yapata shilingi 100, nayo yatumia 60 kwa chakula. Nyumba ya pili yapata shilingi 1,000, nayo yatumia 300 kwa chakula. Mtu akitazama vyungu tu, atasema kwamba nyumba ya pili ndiyo inayopenda kula, kwa maana matumizi yake ni mara tano ya ile ya kwanza. Lakini akitazama kilichobaki, ataona kwamba nyumba ya kwanza imebakiwa na shilingi 40, na ya pili imebakiwa na 700. Katika hizo 40 ndimo mnamotoka kodi ya chumba, mafuta ya taa, nguo, nauli, dawa, ada ya shule, na ada ya chama hiki. Hapana budi tumbo lilipwe kwanza, maana halina subira. Hivyo, yatupasa kujua kwa nini nyumba nyingine hubakiwa na nyingi na nyingine hubakiwa na chache, na kwa nini katika nchi yetu tofauti hiyo ilifuata rangi ya watu kwa miaka mingi.

Posho na mshahara wa kapera

Kabla ya mishahara kuingia, chakula cha watu wengi kilitoka shambani na zizini, na kingine kilibadilishwa sokoni. Hatusemi kwamba siku hizo zilikuwa za shibe kwa wote. Wenye ng'ombe wengi walikuwako, na wasio na mbuzi hata mmoja walikuwako. Na njaa iliyoingia mwishoni mwa miaka ya 1890 iliwaua watu wengi sana. Lakini mtu hakupimiwa chakula chake kwa ratili na mtu mwingine.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na ziwani mwaka wa 1901. Mwanzoni mwa karne ile ya 20 ikaja kodi ya nyumba, na baadaye kodi ya kichwa. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na watu wengi hawakuwa na njia ya fedha ila kuajiriwa. Katika mashamba ya Wazungu na katika kambi za kazi, malipo yalikuwa ya namna mbili: mshahara wa mwezi, na posho. Desturi iliyoenea ilikuwa ratili mbili za unga wa mahindi kwa mtu mmoja kwa siku. Mahali pengine chumvi au maharagwe viliongezwa. Mahali pengine unga ulikuwa peke yake.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Ratili mbili zilikuwa za mtu mmoja. Mke hakuhesabiwa, wala mtoto, wala mama mzee. Walioweka mishahara walisema kwamba mfanyakazi ni kama kapera, na kwamba jamaa yake iko rizavu na ina shamba lake la kuilisha. Maana ya maneno hayo ni kwamba mke aliyelima nyumbani alikuwa akimsaidia tajiri wa mumewe bila kulipwa. Yeye alilisha watoto, akamtunza mume aliporudi mgonjwa, na mara nyingi akampelekea mjini mahindi na kunde, na tajiri akaweza kulipa kidogo. Wazee waliokuwa wakisimulia habari za siku zile walisema kwamba gunia lililotoka nyumbani kwa gari moshi ndilo lililoufikisha mwezi mwisho.

Mwaka wa 1920 kodi ilipandishwa ikafika shilingi 16 kwa fedha iliyokuja kutumika baadaye. Mara baada ya hapo, mwaka wa 1921, wenye mashamba makubwa wakapatana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa sehemu moja katika tatu. Kodi ilipanda na mshahara ukashuka, na unga ukabaki unga. Ndipo Harry Thuku na wenzake walipokusanya watu Nairobi juu ya mishahara, kodi na kipande. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokuja kudai afunguliwe walipigwa risasi. Mwaka ule ule kodi ilipunguzwa ikawa shilingi 12. Vyama vya namna ya hiki chetu vilizaliwa katika siku hizo. Katika Nyanza, mwaka wa 1923, kilianzishwa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, ambacho kilichukua habari za kodi pamoja na habari za vyoo, miti na usafi wa nyumba, kwa kuwa wazee wale walijua kwamba mfuko na afya ni ndugu.

Mtaalamu mmoja, maswali mawili

Mwaka wa 1931 ilichapishwa taarifa ya daktari John Boyd Orr, mtu wa Scotland, pamoja na daktari J. L. Gilks wa Kenya, juu ya vyakula vya Wamasai na Wakikuyu. Walisema kwamba wanaume wa Kimasai, waliokula maziwa, nyama na damu, waliwazidi wanaume wa Kikikuyu kwa urefu wa inchi 5 na kwa uzito wa ratili 23, kwa kuwa Wakikuyu walikula zaidi nafaka na viazi. Waliona pia kwamba tofauti baina ya wanawake haikuwa kubwa hivyo, kwa sababu wanawake wa Kikikuyu walikula mboga za majani kuliko waume zao. Wasomi wa baadaye wamewalaumu madaktari wale kwamba walilaumu desturi ya kabila, wala hawakutazama vya kutosha habari za ardhi iliyochukuliwa na kazi ya mshahara.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1936, Boyd Orr huyo huyo alitoa kitabu juu ya chakula cha watu wa Uingereza. Huko hakuwagawanya watu kwa makabila. Aliwagawanya katika mafungu sita kwa kufuata mapato. Fungu la chini, lenye watu wapatao milioni nne na nusu, lilitumia wastani wa shilingi 4 kwa chakula cha mtu mmoja kwa juma, na mapato yao hayakuzidi shilingi 10 kwa mtu. Fungu la juu lilitumia shilingi 14, na mapato yao yalizidi shilingi 45. Maskini alitoa senti nyingi zaidi katika kila shilingi yake, na bado hakupata chakula cha kutosha afya. Boyd Orr akasema kwamba kiasi cha nusu ya watu wa nchi ile hawakuwa na chakula kilicho kamili. Baada ya vita alikuwa mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na mwaka wa 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Mwingereza aliyekula vibaya aliulizwa, "Unapata shilingi ngapi?" Mwafrika aliyekula vibaya aliulizwa, "Wewe ni kabila gani?" Swali likiwa lingine, dawa nayo huwa nyingine.

Miaka ya vita na migomo

Vita ya pili ilipoendelea, Serikali ilianza mwaka wa 1942 kusimamia ununuzi wa mahindi yote. Wakulima wa Kizungu walihakikishiwa bei, na bei hiyo ilizidi ile aliyoipata mkulima Mwafrika kwa mahindi yake. Mwaka wa 1943 mvua zilikuwa zimepungua, na njaa ikaingia. Upande wa Mlima Kenya waliiita njaa ya muhogo. Katika mgao wa mijini Mwafrika alihesabiwa kuwa mla mahindi. Mchele na ngano vilifikiriwa kwanza kuwa haki ya jamii nyingine. Hivyo katika mji mmoja palikuwa na vyungu vitatu, cha Mzungu, cha Mhindi na cha Mwafrika, na kila kimoja kilikuwa na kipimo chake kilichoandikwa ofisini.

Mombasa ndiyo iliyosema kwa sauti kubwa. Wafanyakazi waligoma mwaka wa 1939 kwa ajili ya mishahara na nyumba. Mwaka wa 1945 Serikali iliweka kamati ya kuchunguza manung'uniko yao. Na mwezi wa Januari 1947 maelfu ya watu waliacha kazi bandarini, relini, katika mahoteli na majumbani. Chama chao, African Workers' Federation, ambacho Chege Kibachia alikuwa kiongozi wake, kilidai mshahara sawa kwa kazi sawa. Kibachia alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa Baringo. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuulizwa hadharani, na Serikali ilibidi itoe hesabu.

Meza ya karani

Yafaa tuseme neno juu ya makarani, kwa kuwa sisi ni wa kazi hiyo. Katika ofisi za Serikali mishahara ilikuwa imepangwa kwa jamii tatu. Mwaka wa 1948 tume ya Sir Maurice Holmes ilishauri kwamba mtumishi asiye Mzungu, hata akifanya kazi ile ile ya Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wake. Yaani palipolipwa shilingi 100, yeye alipwe 60. Mwenye duka hakuwa na desturi ya namna hiyo. Ratili ya sukari haikuuzwa kwa sehemu tatu katika tano kwa sababu mnunuzi ni Mwafrika. Mwaka wa 1954 tume ya Sir David Lidbury ilishauri mipango hiyo ya rangi iondolewe, ijapokuwa walioajiriwa kutoka ng'ambo waliongezewa malipo yao ya pekee.

Hesabu ya mwaka wa 1954

Mwaka huo wa 1954 ilitoka pia taarifa ya kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika. Kamati ilitumia kipimo kilichobuniwa na Profesa Edward Batson wa Cape Town. Kipimo hicho kilihesabu vitu ambavyo mtu hawezi kuishi bila hivyo: chakula, nguo, kuni na taa, sabuni, nauli ya kazini na kodi ya nyumba. Hakikuhesabu hata senti moja ya dawa, wala ada ya shule, wala akiba, wala gazeti, wala barua ya kupeleka nyumbani, wala zawadi kwa mtoto. Twaongeza sisi: wala ada ya mazishi.

Hata kwa kipimo hicho kikavu, kamati iliona kwamba kiasi cha nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni na watu binafsi, na kiasi cha robo ya wale wa kazi za Serikali, hawakupata mshahara wa kutosheleza mahitaji hayo. Kamati ikashauri kwamba mshahara wa kapera uachwe polepole, na mahali pake uwekwe mshahara wa kumtosha mume, mke na watoto, ambao ungekuwa mara mbili na nusu ya ule wa kapera. Serikali ilikubali sehemu tu ya shauri hilo.

Wazee wetu, hapa ndipo tulipotua kalamu. Kwa zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imesemwa kwamba Mwafrika ana haja chache, na kwamba akiongezwa mshahara atapoteza tu. Kumbe zilipohesabiwa senti zake moja moja, ilionekana kwamba hakuwa na za kupoteza. Kweli wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, vipimo vya rangi viliondoka katika vitabu vya Serikali. Lakini vyungu havikuwa kimoja. Katika miaka ya 2010 watunza takwimu wa nchi walipohesabu bei za vitu Nairobi, waliwagawanya wakazi wa mji katika matabaka matatu ya mapato: la chini, la kati na la juu. Hapana rangi tena katika hesabu hiyo, bali vyungu vitatu bado vyaonekana. Na uchunguzi wa matumizi ya nyumba uliofanywa mwaka wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba watu 36.1 katika kila mia katika Kenya walikuwa chini ya mstari wa umaskini, na kwamba watu 32.0 katika mia walitumia kwa chakula kiasi kisichofikia gharama ya chakula cha kutosha.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwanachama wa mjini analijua. Aliye na fedha hununua gunia. Asiye na fedha hununua kibaba, na mafuta ya kupima kwa kijiko, na sukuma wiki ya jioni moja. Ukijumlisha vibaba vyake vya mwezi, amelipa zaidi ya mwenye gunia kwa unga ule ule. Umaskini una kodi yake, ambayo hakuna askari anayekuja kuidai.

Wala tusiwasahau walio ndani ya nyumba moja. Mara nyingi baba hupakuliwa kwanza, na mama hukwangua sufuria. Mwenye kuhesabu chungu asiache kuhesabu sahani.

Neno kwa mkutano

Sasa turudi katika daftari letu. Twakiri kwamba sisi ndio tuliopiga mstari mwekundu chini ya majina yaliyosomwa mwaka jana. Baada ya kuagizwa kazi hii tulikwenda kumtembelea mmoja wao, mlinzi wa usiku, tukiwa na daftari mkononi. Mke wake alikuwa akitoka dukani na unga wa usiku mmoja katika karatasi. Mume alituandalia viti, akatuomba radhi kabla hatujamwuliza neno. Alisema kwamba haji mkutanoni kwa kuwa anaona aibu. Alituonyesha risiti ya ada ya shule ya mtoto, ambayo aliilipa siku ile ile ya mshahara. Na ada yetu hudaiwa tarehe 15, wakati mfuko wake umekwisha kukauka. Tukafunga daftari.

Hatusemi kwamba wote ni kama yeye. Wapo wanaopeleka mshahara kilabuni, na hao kanuni iwaonye. Wala hatusemi kwamba chama kinaweza kuendelea bila ada. Maiti hazisafirishwi kwa huruma. Lakini mtu aliyefutwa leo kwa deni la miezi sita huenda alikuwa amelipa miaka kumi, na siku akifa jamaa zake watazunguka mitaani na bakuli, nasi tukiwa jirani.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, tunaweka mbele ya mkutano mambo matatu. Kwanza, ada idaiwe siku tano za kwanza za mwezi, baada ya mshahara, si katikati. Pili, mwenye mshahara mdogo aruhusiwe kuilipa kwa mafungu mawili, na asifutwe mtu yeyote mpaka wazee wawili wamekwenda nyumbani kwake. Tatu, wanachama wa kila mtaa wajaribu kununua mahindi kwa magunia pamoja wakati wa mavuno na kugawana kwa bei ya gunia, ili fedha inayopotea katika vibaba ibaki nyumbani, na sehemu yake ipate kufika katika sanduku la chama.

Babu zetu walipimiwa ratili mbili na watu wasioingia katika nyumba zao. Sisi tusihukumiane kwa kuutazama moshi kutoka barabarani. Na mzee wetu aliyeuliza swali tunamshukuru, kwa maana asingeuliza, tusingeyatafuta haya.

Sisi watumishi wenu,
Tunaoshika daftari la chama.